Dawa Ndani ya Bomba: Nani Anajua Kilichotiwa?

Kwa miaka mingi karatasi za kumbukumbu za visima vya Walkerton, mji mdogo wa wakulima katika jimbo la Ontario nchini Kanada, zilipendeza kwa unadhifu wake. Kwenye safu ya klorini iliyobaki majini palijazwa 0.5 au 0.75, yaani miligramu kwa lita, wiki hadi wiki. Mvua inyeshe, theluji iyeyuke, mashine igome, tarakimu hazikutikisika. Yeyote aliyewahi kupima maji kwa mkono wake angeshtuka, kwa sababu maji hayana utulivu wa namna hiyo: leo yanakula dawa nyingi, kesho kidogo. Lakini karatasi zilipokelewa, zikawekwa kwenye majalada, na maisha yakaendelea.

Mei 2000 mvua kubwa iliosha samadi ya ng'ombe kutoka shamba la jirani hadi kwenye Kisima Namba 5. Bakteria wa E. coli wakaingia katika mtandao wa maji wa mji wenye watu wapatao 5,000. Watu 7 walikufa, wengine takriban 2,300 wakaugua. Tume ya Jaji Dennis O'Connor ilibaini kwamba wahudumu wa mtambo walikuwa wakiandika vipimo ambavyo hawakuvifanya, na wakitia klorini pungufu kuliko ilivyotakiwa. Hawakuwa na nia ya kumdhuru mtu. Wao wenyewe waliyanywa maji ya visima hivyo yakiwa mabichi na kuyaona matamu, na wateja walikuwa wakinung'unikia ladha ya dawa. Hitimisho zito la tume lilihusu mita kuliko lilivyohusu dawa: kama Kisima Namba 5 kingekuwa na vifaa vya kupima klorini na kiwango cha tope mfululizo, mkasa ule ungezuilika.

Pampu ya dawa ilikuwepo. Klorini ilikuwepo. Mabomba yalipitisha maji bila tatizo. Kilichokosekana ni jicho la pili la kuuliza: katika lita hii inayopita sasa hivi, mna nini? Swali hilo linaunganisha sekta ambazo kwa kawaida hazikai meza moja, yaani mafuta, gesi na maji. Zote hutia kemikali kidogo sana ndani ya mkondo mkubwa sana. Na ukizifuatilia ajali zake utakuta ni nadra lawama kuishia kwenye dawa yenyewe. Mara nyingi huishia kwa aliyetia na kuachwa ajipime mwenyewe.

Kwenye mafuta sababu ya kutia dawa ni pesa, na hesabu yake iko wazi. Bomba la kwanza la Mombasa hadi Nairobi, lenye urefu wa takriban kilomita 450 na kipenyo cha inchi 14, lilianza kazi mwaka 1978. Mwaka 2008 uwezo wake uliongezwa kutoka lita 440,000 hadi lita 880,000 kwa saa. Njia iliyotumika ilikuwa ya chuma na saruji: katikati ya vituo vya zamani vya Changamwe, Maungu, Mtito Andei na Sultan Hamud vikajengwa vipya Samburu, Manyani, Makindu na Konza. Kwa nini gharama yote hiyo, badala ya kuongeza nguvu ya pampu za Changamwe? Kwa sababu msuguano hauongezeki sambamba na kasi. Mkondo ukienda kasi mara mbili, presha inayopotea njiani hukaribia mara nne, na chuma cha bomba kina kikomo cha presha kinachoweza kustahimili. Ukishindwa kusukuma zaidi kutoka mwanzo wa njia, itabidi usukume mara nyingi zaidi njiani.

Au uutie mkondo dawa. Mwaka 1948 mkemia Mwingereza B. A. Toms alieleza jambo lililokwenda kinyume na matarajio: kimiminika kilichoyeyushiwa chembe kidogo za polima, ambacho mtu angedhani kimekuwa kizito, kilipita kwenye mrija kwa urahisi zaidi kuliko kimiminika kitupu, mradi tu mkondo uwe wa kasi na wenye msukosuko. Miaka 31 baadaye, mwaka 1979, wenye bomba la Alaska walianza kuitumia elimu hiyo kwenye kazi kubwa. Bomba hilo lina urefu wa takriban kilomita 1,288 na kipenyo cha inchi 48, na lilikuwa na umri wa miaka miwili tu. Mwaka 1988 lilipitisha zaidi ya mapipa milioni 2 kwa siku, na sehemu ya siri ilikuwa polima iliyokuwa ikitiwa kwa kiasi cha chembe chache kwa kila milioni ya mafuta.

Kinachotokea ndani ni hiki. Karibu na ukuta wa bomba mkondo haupiti kwa mstari. Unajikunja, unatoa vimbunga vidogo vinavyorukia katikati na kula nishati ya pampu. Molekuli za polima hii ni ndefu mno. Zikiburutwa na vimbunga hivyo hunyooka na kuvidhoofisha kabla havijakua, na nishati iliyokuwa ikipotea kwenye msukosuko hubaki kusukuma mafuta mbele. Urefu huohuo ndio udhaifu wake: zikifika kwenye mapanga ya pampu ya kituo kinachofuata, hukatikakatika na kazi yake huishia hapo. Kwa hiyo dawa hutiwa baada ya pampu, na kila kituo kinachoitaka hutia yake upya. Mkondo ukiwa mtulivu usio na msukosuko, dawa haisaidii chochote. Ni fedha iliyomwagwa.

Chukua lita 880,000 kwa saa, na tuseme fundi ameagizwa atie sehemu 10 kwa milioni. Jibu ni lita 8.8 kwa saa, yaani mililita 147 kwa dakika. Chupa ya soda ya nusu lita ingechukua zaidi ya dakika 3 kuisha, na wakati huo zaidi ya lita 49,000 za mafuta zimeshapita. Sasa mkondo upungue hadi nusu, labda kwa sababu matangi ya Nairobi yamejaa, na pampu ya dawa iendelee na mwendo wake uleule. Dozi imekuwa 20 bila mtu kugusa kitu. Dozi ni uwiano, na nusu ya uwiano huo hukaa kwenye mita ya mkondo. Ndiyo maana mtambo unaostahili jina lake huifunga pampu ya dawa na mita kwa waya mmoja: mita ikisoma chini, pampu inapunguza, mita ikisoma sifuri, pampu inasimama.

Chumba chenyewe cha dawa hakina makuu. Kuna tangi la plastiki au chuma, vali, pampu ndogo inayopiga kwa mipigo, mrija mwembamba, vali ya kuzuia mkondo usirudi nyuma, na mwisho wake sindano ya chuma iliyozama hadi katikati ya bomba ili dawa isiteleze ukutani bila kuchanganyika. Pembeni husimama bomba la kioo au plastiki angavu lenye mistari ya mililita. Hicho ndicho kifaa cha bei rahisi kuliko vyote chumbani, na pengine ndicho cha maana kuliko vyote. Fundi hujaza bomba hilo, hufunga vali ya tangi kuu ili pampu inywe kutoka kwenye kioo peke yake, hushika saa, na baada ya dakika moja husoma dawa imeshuka mistari mingapi. Kama kioo kinasema 96 na skrini inasema 147, skrini inadanganya. Huenda hewa imeingia kwenye mrija, utando wa pampu umechoka, au vali imeziba kwa dawa iliyokauka. Pampu itaendelea kupiga mipigo yake, taa ya kijani itaendelea kuwaka, na dawa haitafika.

Zipo pia nyakati ambapo dawa haitakiwi kabisa. Bomba la bidhaa hupitisha petroli, dizeli na mafuta ya ndege kwa zamu, shehena moja ikisukuma nyingine, bila ukuta wowote wa kuzitenganisha. Viwango vya kimataifa vya usafiri wa anga haviruhusu polima ya kupunguza msuguano ndani ya mafuta ya ndege. Kwa hiyo anayetia dawa lazima ajue, kwa dakika, mpaka kati ya shehena umefika wapi. Hapo mita ya mkondo na kipimo cha uzito wa mafuta humwambia ajuaye kusoma kwamba dizeli imeisha na mafuta ya ndege yameanza kuingia. Akichelewa, kosa lake husafiri kimyakimya hadi kwenye matangi ya uwanja wa ndege.

Mafuta ghafi ya Ziwa Albert nchini Uganda yanaleta shida ya aina nyingine. Yana nta nyingi kiasi kwamba huganda yakifikia takriban nyuzi 40 za Selsiasi, joto ambalo kwa mwili wa binadamu ni homa lakini kwa mafuta haya ni baridi ya kuyasimamisha. Zipo kemikali zinazoivuruga nta isishikamane, na mabomba kadhaa duniani yanazitegemea. Kwa njia ndefu ya kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, wahandisi hawakutaka kuiachia dawa kazi nzima. Waliamua bomba la inchi 24 livikwe povu la kuhifadhi joto, kazi iliyofanyika katika kiwanda cha Sojo wilayani Nzega, mkoani Tabora, na lipashwe kwa umeme ili mafuta yabaki juu ya nyuzi 50 safari nzima.

Uamuzi huo umekosolewa kwa gharama na kwa sababu za mazingira, na ukosoaji huo una uzito wake. Kwa upande wa udhibiti, hata hivyo, hoja ya wahandisi inaeleweka. Joto hupimika kila mita kwa waya wa nyuzi za kioo uliolazwa sambamba na bomba, waya uleule unaoweza kusikia uvujaji. Dozi ya dawa ya nta, kinyume chake, hujulikana pale ilipotiwa na pale sampuli ilipochukuliwa; kati ya hapo kuna mamia ya kilomita za kukisia. Na bomba la nta likisimama likapoa, kuliamsha tena si suala la kuwasha swichi.

Kutu ni adui mpole kuliko nta, na ndiyo sababu humpata mwenye bomba akiwa amelala. Dawa ya kuzuia kutu hujenga utando mwembamba juu ya chuma. Utando huo hauna faida kama chuma chenyewe kimefunikwa na tope, kwa kuwa dawa haipenyi, na chini ya tope bakteria wanaendelea kula chuma kwa raha zao. Machi 2006, katika uwanja wa mafuta wa Prudhoe Bay huko Alaska, bomba lililokuwa chini ya BP lilimwaga zaidi ya galoni 200,000 kupitia tundu ambalo upana wake ulikuwa kama milimita 6. Bomba hilo lilikuwa halijapitishiwa kifaa cha kulikwangua na kulikagua kwa ndani tangu 1998. Mafuta yalikwenda taratibu, tope likatulia, na chini yake kutu ikafanya kazi. Uvujaji ulidumu siku kadhaa bila mitambo kuwashawishi waliokuwa zamu. Aliyeugundua ni mfanyakazi aliyekuwa akipita na gari, akasikia harufu ya mafuta.

Harufu hiyo ina somo kuhusu mita. Njia ya kawaida ya kugundua uvujaji ni kulinganisha kilichoingia na kilichotoka. Mita hazikubaliani kikamilifu. Mafuta hupanuka kwa joto na kusinyaa kwa baridi. Kwa hiyo mfumo hupewa uvumilivu, tuseme asilimia 1, usije ukapiga king'ora kila saa. Kwenye mkondo wetu wa lita 880,000 kwa saa, asilimia 1 ni lita 8,800. Tundu linalomwaga lita 8,000 kila saa lingeweza kukaa ndani ya uvumilivu huo siku nzima, na kufikia kesho yake karibu lita 200,000 zimeingia ardhini huku chumba cha uendeshaji kikiona hali ya kawaida. Mitambo ya kisasa inayosikiliza mawimbi ya presha, na ile ya nyuzi za kioo, imeupunguza upofu huo. Haijaumaliza.

Wakenya wanalijua hilo kwa uchungu. Tarehe 12 Septemba 2011 petroli iliyovuja kutoka kwenye mfumo wa bomba jijini Nairobi iliingia kwenye mfereji wa maji ya mvua na kutiririka hadi mtaa wa mabanda wa Sinai. Watu walikuwa wakiichota moto ulipolipuka, na zaidi ya 100 walikufa. Mwaka 2015 ilikuwa zamu ya Thange, kaunti ya Makueni, ambako mafuta yalitokea mtoni kabla hayajatokea kwenye taarifa yoyote. Mwaka 2025 mahakama iliamuru wakazi walipwe fidia ya mabilioni ya shilingi. Katika mikasa hiyo miwili kilichovuja kilijulikana kwanza na watu waliokuwa wakiishi juu yake.

Kwenye maji, kisa ambacho kila mhandisi kijana hufundishwa ni cha Flint, katika jimbo la Michigan. Aprili 2014 mji huo, ili kubana matumizi, uliacha kununua maji ya Detroit na kuanza kuvuta ya Mto Flint. Maji ya Detroit yalikuwa yakitiwa othofosfeti, dawa inayojenga ngozi ndani ya mabomba ya risasi na kuizuia risasi isiingie majini. Maji ya mto hayakutiwa. Ngozi ya miongo mingi ikaanza kumomonyoka. Oktoba mwaka huohuo kiwanda cha General Motors kiliyakataa maji hayo kwa kuwa yalikuwa yakila vipuri vya injini. Wakazi waliendelea kuyanywa kwa mwaka mzima zaidi, hadi Oktoba 2015 mji uliporejea kwenye maji ya Detroit. Wenye mamlaka walikuwa na vipimo vilivyoonyesha mambo si mabaya kihivyo, lakini namna ya kuchukua sampuli, ikiwamo kuagiza bomba lifunguliwe na kumwagwa kwanza, ilikuwa ikiiosha risasi kabla haijafika kwenye chupa. Ukweli uliletwa na watu wa nje: mama mmoja aliyekataa kunyamaza, wahandisi wa chuo kikuu cha Virginia Tech, na daktari wa watoto, Mona Hanna-Attisha, aliyefungua kumbukumbu za damu za watoto na kuonyesha risasi imepanda.

Flint ni dawa iliyokosekana. Camelford, kusini-magharibi mwa Uingereza, ni dawa iliyoingia mlango usio wake. Tarehe 6 Julai 1988 dereva wa akiba alifika kwenye mtambo wa Lowermoor uliokuwa hauna mtu, akamimina tani 20 za salfeti ya alumini kwenye tangi ambalo lilikuwa tayari na maji yaliyokwisha kusafishwa, badala ya tangi la dawa. Dawa hiyo ni ya kawaida kabisa. Hukusanya tope ili litue chini, na mitambo ya maji ya Afrika Mashariki huitumia pia kwa jina la shabu. Lakini kwa wingi ule iliyafanya maji kuwa tindikali, na tindikali ikachubua shaba kutoka kwenye mabomba ya nyumba za watu. Maji yalikuwa na rangi ya buluu, nywele za baadhi ya wateja zikageuka kijani. Wapatao 20,000 walihudumiwa na mtandao huo. Waliopiga simu waliambiwa maji ni salama, na umma ukakaa zaidi ya wiki mbili kabla ya kuelezwa kilichotokea. Kipimo kilikuwepo, tena chenye rangi, kwenye kila bafu. Hakikuhesabiwa kuwa kipimo.

Siku hizi mlango wa dawa unaweza kufunguliwa na mtu aliye mbali. Tarehe 5 Februari 2021 mhudumu wa mtambo wa maji wa Oldsmar, Florida, aliona kishale cha kompyuta yake kikitembea chenyewe na kupandisha magadi makali kutoka sehemu 100 kwa milioni hadi 11,100. Akairudisha namba mahali pake mara moja. Habari ilizunguka dunia kama shambulio la wadukuzi. Baadaye ilitiliwa shaka, na aliyekuwa mkuu wa utawala wa mji alidokeza kuwa huenda ni mkono wa mtu wa ndani uliokosea. Kwa mhandisi tofauti hiyo si kubwa kama inavyodhaniwa. Mfumo unaokubali namba 11,100 bila kuuliza una kasoro, awe aliyeiandika ni mdukuzi au ni mfanyakazi aliyechoka. Pampu yenye mwendo wa juu usioweza kuvuka dozi ya hatari ni ulinzi usiohitaji neno la siri.

Gesi nayo ina mikosi yake. Maji yakichanganyika na gesi chini ya presha kubwa na baridi huunda vipande vinavyofanana na barafu hata pale ambapo barafu ya kawaida isingepatikana. Mmarekani E. G. Hammerschmidt alionyesha mwaka 1934 kwamba hivyo ndivyo vilivyokuwa vikiziba mabomba. Mei 2010 vilikwamisha kuba la chuma lililoshushwa kufunika kisima cha Macondo katika Ghuba ya Meksiko. Tiba ni methanoli au glikoli, na kipimo chake ni maji kiasi gani yamo kwenye gesi, si gesi kiasi gani inapita.

Dawa ya gesi inayostahili kuangaliwa kwa karibu, hata hivyo, ni ile ya harufu. Gesi asilia haina harufu. Tarehe 18 Machi 1937 shule ya New London, Texas, iliyokuwa imejiunganishia gesi ya bure kutoka bomba la visima vya jirani, ililipuka. Walikufa karibu 300, wengi wao watoto. Gesi ilikuwa imejaa chini ya sakafu na hakuna aliyeihisi. Texas ikatunga sheria haraka kwamba gesi itiwe merkaptani, ile harufu ya kitu kilichooza ambayo kila mpishi wa Mbagala au Kayole anaijua mtungi ukilegea. Ni kemikali ya kiasi kidogo mno, na upekee wake ni kwamba mita yake ni pua ya kila mtu. Anayeitia kiwandani hawezi kudanganya kwa muda mrefu. Wateja wote ni wakaguzi.

Tanzania ina mfano unaokaribiana na huo, ila badala ya pua unatumia mashine. Kufikia mwishoni mwa muongo wa 2000 uchakachuaji wa mafuta ulikuwa biashara: mafuta ya taa, yaliyotozwa kodi ndogo, yalichanganywa na dizeli na kuuzwa kwa bei ya dizeli. Septemba 2010 mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji, EWURA, ilianzisha utiaji wa vinasaba kwenye mafuta yanayotoka kwenye maghala kwenda soko la ndani. Kinasaba hakiongezi nguvu ya injini wala hakizuii kutu. Kazi yake pekee ni kupimwa. Mkaguzi huchukua sampuli kwenye kituo cha mafuta, na kiwango cha kinasaba kikikutwa chini ya kilichotiwa ghalani, kuna kitu kimeongezwa njiani au mafuta hayakupita mlango halali. Bajeti ya 2011 ilipopandisha kodi ya mafuta ya taa, kishawishi chenyewe kilipungua, na wapo wanaosema kodi ilifanya zaidi ya kinasaba. Huenda. Lakini bila kipimo kisicho mikononi mwa muuzaji, mabishano kuhusu injini zilizokufa yangebaki neno la dereva dhidi ya neno la mwenye kituo.

Mifano hii miwili ndiyo inayokosekana kwenye maji ya kunywa ya miji yetu. Klorini hutiwa mtamboni, na mtamboni hupimwa na walioitia. Shirika la Afya Duniani linataka angalau miligramu 0.2 kwa lita ibaki pale mteja anapochota. Kati ya mtambo na ndoo, hata hivyo, kuna mgao. Maji yakikatwa, bomba hubaki tupu au na presha hafifu, na kila tundu lililokuwa likivujisha maji nje hugeuka mdomo wa kuvuta uchafu ndani. Nchini Kenya karibu nusu ya maji yanayozalishwa na kampuni za maji hupotea au hayalipiwi. Matundu, kwa maneno mengine, si haba. Kuongeza klorini mtamboni ili ifike mwisho wa njia huwaletea ladha chungu walio karibu na mtambo, na kilichowafanya watu wa Walkerton waichukie dawa kilikuwa ladha hiyohiyo.

Suluhisho moja linalojaribiwa ni kusogeza dozi karibu na mnywaji. Jijini Dhaka, Bangladesh, watafiti walifunga kwenye mabomba ya jumuiya kifaa kisichotumia umeme, ambamo mkondo wenyewe wa maji huyeyusha vidonge vya klorini: maji yakienda kasi huchukua zaidi, yakipungua huchukua kidogo. Kwa kulinganisha, vituo vingine vilifungwa kifaa kilekile kikiwa na vitamini C. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 katika jarida la Lancet Global Health yalionyesha kuhara kwa watoto kulipungua kwa asilimia 23 pale penye klorini. Kiwango cha dawa kiliwekwa chini makusudi ili wateja wasikimbie ladha. Hapa mtu anaona mita na pampu vimekuwa kitu kimoja. Anaona pia vidonge vikiisha lazima awepo wa kuvirudishia, na wa kujua kwamba vimeisha.

Kujua si ghali. Kipimo cha kidonge cha DPD huhitaji mililita 10 za maji, kidonge kimoja na kadi ya rangi. Maji yenye klorini hugeuka waridi, na kadiri waridi inavyokolea ndivyo klorini ilivyo nyingi. Yasiyo nayo hubaki meupe. Mwanafunzi wa darasa la sita anaweza kulifanya jaribio hilo kwenye bomba la shule yake na kusoma jibu bila kumsubiri mtaalamu. Kinachokosekana ni mahali pa kuipeleka tarakimu hiyo na mtu aliyelazimika kuijibu. Kampuni nyingi za maji za Kenya na Tanzania zinamtumia mteja ankara kwa ujumbe wa simu, ikiwa na usomaji wa mita wa mwezi uliopita, wa mwezi huu na deni. Ujumbe huo una nafasi ya tarakimu moja zaidi: klorini iliyokutwa kwenye bomba la mtaa wake, na tarehe ilipopimwa.